Kura Iliyoandikwa "Mkwe"

Kalamu ya kituo cha kupigia kura ifungwe kwa kamba. Anzeni na hilo, wanangu, mengine yatafuata. Uchaguzi wangu wa kwanza nilipeleka kituoni kalamu sita. Kufika saa nne asubuhi sina hata moja, na bibi mmoja amesimama mbele ya meza yangu ananiuliza kama aandike kwa kidole. Kalamu haziibiwi, msije mkawasingizia watu wa Mungu. Mtu anaingia kwenye kile kichumba cha kura, anaandika, anasikia raha ya kuandika, anaichomeka sikioni na kwenda zake shambani. Mzee Chitanda, Mtendaji wa Kata aliyenifundisha kazi hii, alinikuta nimeshika tama. Akatoa kamba ya katani mfukoni, akaikata vipande, akaniambia, "Kijana, sheria ni kitabu, lakini uchaguzi ni kamba, gundi, na jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke." Tangu siku ile nikawa na mawe yangu matatu, nayabeba kwenye mkoba kila uchaguzi, na wanakijiji wakaanza kuuliza kama Mtendaji wao anakwenda kwa mganga.

Mimi nimestaafu. Nakaa hapa Mitwero, nafuga kuku na kubishana nao. Nilikuwa Mtendaji wa Kijiji katika vijiji vya pwani, huku kati ya Mchinga na Kilwa, na kila uchaguzi ulipokuja, wa mwenyekiti wa kitongoji, wa halmashauri ya kijiji, wa diwani, mimi nilikuwa kituoni na mawe yangu. Juzi vijana watatu wa hapa mtaani wamekuja, "Shikamoo babu, tumeomba kazi ya ukarani wa uchaguzi, tupe mbinu." Mbinu! Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Mbinu ninazo, ila karibu zote nilizipata kwa kuchemsha mbele za watu.

Ninyi mmekuta mambo yamenyooka. Karatasi ya kura ina majina, ina nembo, mtu anaweka tiki basi. Daftari liko kwenye kishikwambi. Sisi tulianza na mlolongo. Wagombea wanasimama uwanjani, kila mmoja upande wake, na wapiga kura wanajipanga nyuma ya wanayemtaka. Unahesabu vichwa, umemaliza. Rahisi, eti? Subirini. Mwaka mmoja mgombea akageuka nyuma kuangalia mstari wake ulivyo mrefu, akamwona mkewe amesimama katika mstari wa mpinzani. Watu watano tu mbele yake na yule mama wala hana habari, anamenya chungwa. Mgombea akapaza sauti, "Mama Halima! Umepotea mstari!" Mama Halima akajibu bila kuinua macho, "Sijapotea." Ala! Uwanja mzima ulilala chini kwa kicheko. Ndoa ile ilisuluhishwa mara tatu kwenye ofisi yangu, na siku hiyo ndiyo nilielewa kwa nini kura inatakiwa kuwa siri. Jambo hilo hulielewi darasani, unalielewa kwa chungwa la Mama Halima.

Na foleni! Tulitangaza kwamba wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wapite mbele. Jambo jema, la utu. Basi kufika saa tatu naona watoto wachanga wamezidi. Nikamtazama mtoto mmoja mwenye kofia ya njano, nikamwona tena na mama mwingine, nikamwona tena na wa tatu. Yule mtoto alipiga kura mara nne siku hiyo. Nilipouliza, karani wangu akaniambia, "Mtendaji, mama yake mzazi yuko kule mwisho wa foleni, amemwazima." Mkiona kofia ya njano inarudi, msigombe. Ombeni tu kiti, mama mzazi aletwe mbele, kwa sababu huyo ndiye mwenye haki na ndiye aliyechoka.

Sasa twende kwenye yale niliyokusudia, maana nikiachiwa nitawasimulia mpaka kuku walale.

Baada ya mlolongo zilikuja karatasi tupu. Tupu kabisa, mhuri tu kwenye kona. Mpiga kura anaandika mwenyewe jina la anayemtaka, anakunja, anatumbukiza kwenye sanduku. Asiyejua kuandika anakuja na mtu anayemwamini amwandikie. Nilikuwa wakati huo katika kijiji ambacho sitakitaja, watu wake wangali hai na ndimi zao zingali nzima. Kitongoji cha Mtoni kilikuwa na mwenyekiti wa miaka mingi, Mzee Mtopwa. Mtu mwema sana, mcheshi, mkarimu, mwenye binti sita wote kawaozesha humo humo kijijini. Kasoro yake moja: alikuwa anasinzia vikaoni. Halmashauri ya kijiji ikikaa kugawa kazi na miradi, vitongoji vingine vinasema, Mtoni inakoroma.

Na Mtoni walikuwa na shida yao. Kijito kinawatenga na shule. Masika kinajaa, watoto wanakaa nyumbani wiki mbili, tatu. Walitaka daraja la miguu tu, la mbao, lakini nani wa kulisema? Mjane mmoja wa pale alikuwa akivusha watoto mgongoni, mmoja mmoja, maji kiunoni. Umri umekwenda, magoti yameanza kumgomea. Mwaka huo akasema basi, agombee yeye, akalisemee daraja mwenyewe. Aliwaambia wanawake wenzake kisimani, nami nikaletewa maneno, "Nikikosa safari hii sigombei tena. Magoti haya hayana miaka mitano mingine."

Jina lake Sikudhani. Sasa nalitaja bila kutetemeka. Zamani, thubutu! Alikuwa mama mdogo wa mke wangu, na ndiye aliyemlea. Kwa hiyo kwangu mimi alikuwa mkwe kamili, na sisi tuliozaliwa Rondo tulifundishwa kwamba mkwe wa kike hatajwi jina, hatazamwi usoni, na njiani mkikutana mmoja anapisha kichakani. Na wao wa pwani desturi hiyo wanaijua vilevile. Ninyi siku hizi mnamwita mkwe "mamangu kipenzi" na kupiga naye picha mmekumbatiana. Sisi tulikuwa tunakimbiana!

Na angalieni mkosi wangu. Wangemwita Asha ingekuwa nafuu, neno Asha silihitaji kila siku. Lakini Sikudhani! Mtu unaishi vipi bila kusema "sikudhani"? Nilikuwa nasema "sikutarajia", "sikutegemea", "haikunipitia akilini". Mzee Chitanda aliwahi kunirudishia taarifa ya mwezi akaniuliza, "Kwa nini kila mara unaandika 'haikunipitia akilini kwamba mvua ingeharibu barabara'? Andika sikudhani, umalize." Nikamweleza. Akavua miwani akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mkwe alipotaka kugombea, nilimwendea Mzee Chitanda haraka. Nikamwambia nimwombe mtu mwingine asimamie kituo cha Mtoni, mgombea ni mkwe wangu. Akaniuliza, "Na Mzee Mtopwa je?" Nikamwambia bintiye wa nne ameolewa na mdogo wangu. Akasema, "Basi naye ni mkwe wako. Wewe umeoa kijiji kizima, na watendaji wenzako nao wameoa vijiji vyao. Nikimtoa kila mwenye mkwe nitasimamia peke yangu na mbuzi. Rudi ukafanye kazi. Kura haina mkwe." Akaandika kwenye daftari lake kwamba nimemwarifu, na nikarudi.

Siku ya kuchukua fomu ndiyo ilikuwa kichekesho. Mkwe alikuja na Zuhura, mwanamke mmoja mdomo wazi aliyekuja kuwa wakala wake. Mkwe hakuingia ofisini. Akaketi kwenye ngazi ya nje, mgongo kwangu, kanga kichwani. Mimi nikageuza kiti nikatazama ukuta. Zuhura akasimama katikati.

"Muulize huyo aliyekuja," nikamwambia Zuhura, "jina lake kamili ni nani."

Mkwe akasema kutoka nje, na namsikia vizuri kabisa, "Mwambie Mtendaji kwamba analijua."

"Mwambie nalijua, lakini fomu hailijui."

"Mwambie fomu ina mistari, aandike."

"Mwambie mkono hautaki."

Zuhura akapandisha mikono. "Jamani, mimi ni simu ya upepo? Leteni hiyo fomu, nitaandika mwenyewe!" Akaandika. Nikagonga mhuri macho yakiwa ukutani, na mhuri ukaanguka mezani badala ya kwenye karatasi. Meza ile mpaka leo ina mhuri wa serikali.

Kosa kubwa nililifanya kwenye mkutano wa kuelimisha wapiga kura. Sikilizeni hapa, mnaweza kurudia kosa hili kwa namna yenu. Mzee mmoja aliuliza, "Mtendaji, tuandike jina lipi? Mzee Mtopwa jina lake la shule mimi silijui." Swali zuri. Ningejibu kwamba majina yatabandikwa ukutani, wayafuate yalivyo. Badala yake nikajiona mwerevu, nikataka niwapendeze, nikasema, "Andikeni jina lile mnalomwita kila siku." Wakanipigia makofi. Nami nikainama kushukuru, mjinga mimi.

Siku ya kura, kituo kikiwa darasani kwenye shule ile ya ng'ambo, mambo yalikwenda vizuri mno. Kalamu kwenye kamba, mawe juu ya karatasi, sanduku nimelipindua mbele ya mawakala waone halina kitu, ndipo nikalifunga. Kijana mmoja alikuja moja kwa moja kutoka Songo Songo, bado ana samaki mkononi, akaning'iniza samaki kwenye kitasa cha mlango akaingia kupiga kura. Nami, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa Mtoni, nilipiga kura yangu mchana, foleni ilipopungua. Niliingia kichumbani, nikaandika, nikakunja, nikatumbukiza. Sikufikiri hata kidogo.

Alasiri tukafunga, tukaanza kuhesabu humo humo darasani. Mimi mezani. Kulia Zuhura, wakala wa Mkwe. Kushoto Kassimu, wakala wa Mzee Mtopwa, mwalimu mstaafu anayependa kusema "kwa mujibu wa kanuni". Mzee Chitanda amekaa nyuma kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigusa kidevu. Madirisha yote yamejaa vichwa. Mkwe yuko barazani, ameketi kwenye mkeka, mgongo kwetu.

Nikafungua karatasi ya kwanza. "Mtopwa." Safi. Ya pili. "Mama Rehema." Hilo ndilo jina Mkwe aliloitwa na majirani, kwa mwanawe wa kwanza. Kassimu akadakia, "Kwa mujibu wa kanuni, akina Mama Rehema kitongoji hiki wako watatu!" Zuhura akamjibu, "Na waliogombea ni wangapi, mwalimu?" Ikahesabiwa.

Ya tatu ilisema "Sikudhani". Nikaiinua juu bila kuisoma, nikiwaonyesha kushoto na kulia. Kassimu akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hili si jina. Huyu mtu anashangaa tu."

"Anashangaa nini?" Zuhura akafoka.

"Mimi nitajuaje? Hakudhani kitu fulani. Labda foleni."

Madirishani watu walikuwa hawajiwezi. Nikasema hiyo ni ya Mama Rehema, nikaendelea. Ikaja "Baba Wanawali". Ya Mtopwa, kwa binti zake sita. Ikaja "Bi Magoti". Zuhura akaipokea kwa heshima. Kisha ikaja moja imeandikwa kwa herufi kubwa: "MSINZIAJI."

Nikaguna. Zuhura akasema hilo ni tusi, iwekwe kando. Kassimu akasimama kifua mbele. "Tusi? Hiyo ni yetu! Ameandika mtani wake. Mtani akikusifu ujue hakutaki!" Wakabishana mpaka sauti nzito ikatoka dirishani. Ni Mzee Mtopwa mwenyewe, uso umejaa furaha. "Msinziaji ni mimi, Mtendaji! Kuna mwingine hapa anayesinzia kunishinda? Anyooshe mkono!" Hakuna aliyenyoosha. Nikahesabu kura ile, na mpaka leo naamini nilihesabu kwa haki.

Kisha ikaja "Somo yangu". Mnajua, watu wa jina moja huitana somo. Lakini somo wa nani? Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja dirishani akarusha mikono. "Hiyo yangu! Mimi na Mama Rehema ni masomo! Hata baba yangu aliniita kwa..." Mumewe alijaribu kumziba mdomo akachelewa. Kassimu akatabasamu. Kwa mujibu wa kanuni, na safari hii alisema kweli, kura ikijulikana ni ya nani imeharibika, kwa sababu si siri tena. Nikaiweka kwenye rundo la zilizoharibika. Madirisha yote yakalia "Aaaaah!" na tangu hapo kila mtu akawa ameshika mdomo wake mwenyewe kwa mkono. Katika kuhesabu kura zote nilizowahi kuhesabu, sijapata utulivu mzuri namna ile.

Tukahesabu, tukahesabu. Wakati jua linapunguza ukali, tisini na saba kwa tisini na saba, na juu ya meza imebaki karatasi moja.

Nikaifungua. Imeandikwa "Mkwe".

Nilishtuka. Sikushtuka kwa sababu ya neno. Niliuona mwandiko. Ile M yenye mkia, niliyofundishwa na mwalimu wangu Rondo kwa fimbo, sijawahi kuona mtu mwingine anaiandika. Ilikuwa kura yangu mimi! Mchana ule mkono wangu uliandika kile ambacho mdomo wangu umezoea, basi. Jina unalomwita kila siku. Nani aliwaambia watu hivyo? Mimi.

"Ya Mama Rehema hiyo!" Zuhura akaruka. "Wakwe zake wamejaa humu!"

"Taratibu!" Kassimu akajibu. "Mzee Mtopwa ameozesha binti sita. Wakwe zake wakijipanga ni timu ya mpira pamoja na wa akiba."

Wakavutana. Mmoja akasema "mkwe" kwa mwanamke, mwingine akasema "mkwe" kwa mwanamume, na wote wawili walikuwa sahihi. Mwishowe wakanigeukia. "Msimamizi uamue."

Wanangu, nataka mwelewe nilivyokuwa. Katika darasa lile zima ni mimi tu niliyejua kwa yakini kura ile ni ya nani na inamtaka nani. Nikisema "ni ya Mama Rehema", wataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, mwenyewe amejulikana, imeharibika. Na nikisema nadhani tu, nimedanganya kazini, tena kwa faida ya mkwe. Nilitazama barazani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, haukutikisika. Nilitaka ashinde kuliko nilivyotaka mshahara wa mwezi ule. Nilitaka kicheko na kilio kwa pamoja, jasho linanitoka mpaka kwenye kope.

"Haieleweki inamtaka mgombea yupi," nikasema. "Imeharibika."

Kura sawa kwa sawa. Kanuni ilisema zikilingana, uchaguzi unarudiwa. Kassimu akanipa mkono. Zuhura hakunipa. Mkwe akainuka kwenye mkeka, akakung'uta kanga, akaondoka akichechemea bila kugeuka, na wanawake wakamfuata. Mzee Chitanda alisubiri chumba kiwe kitupu, akanisogelea, akaweka kidole juu ya ile karatasi. "M hii naisoma kila mwezi kwenye taarifa zako," akasema. "Umefanya ilivyotakiwa. Lakini wewe ni punguani." Akaanza kucheka, nami nikashindwa, tukacheka tukiwa tumeshikilia meza, wazee wawili na mawe matatu. Mimi nilikuwa bado sijawa mzee, lakini nyumbani nilizeeka. Mke wangu alinitengea ugali na bakuli la maji. "Mboga imeharibika," akaniambia. "Haieleweki inamtaka nani."

Wiki iliyofuata ndiyo niliifanya kazi kwa adabu. Nilirudi mkutanoni, nikawaomba radhi watu mbele ya wote kwa kuwapotosha. Nikawaambia, majina yamebandikwa mlangoni, andika kama ulivyoyaona, asiyejua aje na mwandishi wake. Mzee mmoja akauliza, "Na sisi wakwe?" Kicheko. Nikamjibu, "Mkononi si mdomoni, mzee wangu. Ndani ya kichumba kile mkwe wako haoni." Nilikuwa najiambia mwenyewe.

Siku ya marudio niliingia kichumbani, nikashika kalamu kwenye kamba, na nawaapia nilikaa muda mrefu mpaka karani akagonga ubao kuuliza kama nimeugua. Nikaandika herufi moja baada ya nyingine. S. I. K. Nilikuwa nafunika kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayeficha hesabu asiigiliziwe. Nilipomaliza jina zima nilihisi nimevua viatu msikitini mbele ya watu wote soksi zina matundu. Nikakunja haraka, nikatumbukiza.

Kuhesabu safari hii kulikuwa kukavu. Hakuna msinziaji, hakuna magoti. Mkwe akashinda kwa kura kumi na moja. Kura yangu haikuhitajika hata kidogo! Mateso yote yale ya mkono wangu, bure bilashi. Nikafunga mahesabu, mawakala wakasaini, nikaanza kukusanya mawe yangu.

"Kwa mujibu wa kanuni," Kassimu akasema, "msimamizi atatangaza mshindi kwa jina, kwa sauti, mbele ya wapiga kura. Asipotangaza, sisi tutakata rufaa." Hakuwa na hila, alikuwa mwalimu tu. Nje uwanja umejaa. Mkwe ameketi mkekani kama kawaida, mgongo kwangu, kanga imefunika kichwa. Zuhura akajitolea kutangaza yeye. Nikamtazama Mzee Chitanda kwa macho ya mtu anayezama. Akatikisa kichwa. "Kanuni inasema msimamizi. Haikusema wakala, na haikusema mke wa msimamizi. Watu wa Mtoni wanataka kusikia kwako, ili kesho asitokee wa kusema hakutangazwa."

Nikatoka barazani. Nikajaribu ujanja. "Namtangaza mshindi kuwa ni mgombea wa pili kwa mujibu wa orodha..."

"Jina!" uwanja ukajibu.

"Ni yule mama ambaye..."

"Jina! Jina! Jina!" Wanapiga makofi, wanawake wanapiga vigelegele vya kunichokoza, Mzee Mtopwa mwenyewe kashindwa lakini yuko mbele kabisa anaongoza makofi. Mke wangu namwona, ameshika mbavu.

Nikawapa mgongo, nikautazama ukuta wa darasa. Nikafungua mdomo, likatoka kwa sauti ndogo, "Sikudhani..."

Sauti ikatoka nyuma ya umati, "Hukudhani nini, Mtendaji? Tutajie mshindi!"

Loo! Watu walianguka. Walianguka kweli, chini, kwenye mchanga, wengine wanashikana miguu. Nami kicheko kikanipanda kutoka tumboni, na kwa kicheko hicho hicho hofu ikanitoka. Nikageuka, nikavuta pumzi, nikapiga ukelele mpaka ng'ambo ya kijito wakasikia:

"Sikudhani Hamisi Likwena! Ndiye mwenyekiti wa Mtoni!"

Kicheko chote kikakatika. Wazee wakatazama chini, maana nilikuwa nimelitaja, na mwenyewe yuko hapo, hatua kumi kutoka kwangu. Nilijua atainuka na kuondoka, kama desturi inavyotaka, na pengine hatakanyaga kwangu tena. Nikaona kanga inatikisika. Mkwe akaegemea mkono, akainuka taratibu kwa ajili ya magoti, akageuka. Akaivuta kanga kutoka kichwani mpaka mabegani. Miaka yote ile nilikuwa sijauona uso wake sawasawa.

"Abee," akaitika.

Akanitazama machoni, moja kwa moja, bila Zuhura.

"Abee, Mtendaji. Kikao cha halmashauri ya kijiji ni lini? Nina hoja ya daraja."

"Alhamisi," nikasema. "Saa tatu asubuhi."

"Basi usichelewe."